Imeingia Yenyewe

Mama hajasema na dada tangu dada aolewe. Nimewabembeleza mpaka nimechoka. Leo nikamwomba shemeji, mume wa dada na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kompyuta ndogo kuukuu ya dada. Nilitaka nimpigie dada nikiwa kwa mama, waonane sura, wayamalize.

Waifai ikagoma. Mimi nachomelea mageti, haya mambo siyajui. Nikapapasa ukingoni, nikagusa kiswichi chembamba kama ukucha wa mtoto. Nikakisukuma. Taa ya rangi ya chungwa ikageuka buluu.

"Mama, nipe paswedi."

"Ya nini? Mtu mwenyewe simtaki."

Nikatazama kioo. Imeshaunganishwa. Haikuniuliza kitu. Nikazima, nikawasha. Ikaingia tena yenyewe, kama mwenye nyumba. Na intaneti ya mama imewekwa mwezi uliopita tu.

"Mama, hii kompyuta ilishawahi kuja hapa?"

Mama akaacha kukunja nguo. "Shemeji yako asijue kama dada yako huwa anakuja hapa, alimkataza," akasema. "Na wewe mdomo wako naujua."

Sikuelewa. Shemeji gani, huyu wangu?

Simu ikaita mfukoni. Ni yeye, anauliza kama mashine imekubali.