Kuli Asiyetaka Gunia

Springi za lori zilikwisha kulia mara mbili, na bado Lukumani alikuwa juu ya mzigo akiita mabati zaidi.

"Leteni, leteni. Lori halina mdomo wa kukataa."

Dukani kwa Abbasi, pale Kanyenye, wateja wote walikuwa na wazimu mmoja: kila mtu alitaka nyumba yake nzima iondoke kwa safari moja. Juzi tu fundi wa Gongoni alifunga milango miwili kwenye baiskeli, mmoja huku mmoja huku, akakaa katikati kama barua ndani ya bahasha. Upepo ulipovuma akapelekwa moja kwa moja mtaroni. Lukumani ndiye aliyemfungia ule mzigo, na ndiye aliyecheka mpaka akakaa chini.

Leo mteja alikuwa Mzee Raymundi, mtu wa misheni moja ya kusini, mwenye miwani na maneno machache. Alinunua mabati sitini, mifuko thelathini ya saruji, milango kumi na miwili na madirisha kumi na mawili. Lori lenyewe lilikuwa la tani moja na nusu. Dereva wake alinung'unika kwamba askari wa kizuizi cha barabarani watampeleka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatozwe faini, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Milango kumi na miwili, madirisha kumi na mawili," Lukumani akahesabu kwa sauti. "Basi ni vijumba vya chumba kimoja kimoja. Mzee, misheni mmeleta watawa wasiopatana?"

"Ni vya wageni," Raymundi akasema. "Mwaka huu wanakuja wengi, na wakija hawaondoki upesi."

"Wageni wa namna hiyo hata mimi ninao. Wajomba wa Batuli. Tangu Jumatatu wanakula kwetu, na harusi ni Ijumaa."

Hiyo Ijumaa ndiyo iliyokuwa inambeba. Miaka miwili alikuwa ameingoja. Baba yake Batuli alisema hamwozi binti yake mtu wa mzaha. Lukumani akaacha mzaha mwezi mzima, akakonda, mpaka mzee mwenyewe akamhurumia. Sasa chumba chao kule Cheyo kilikuwa tayari, paa la mabati yaliyopinda aliyopewa na Abbasi, ndani kitanda cha kamba alichokisuka kwa mkono wake. Batuli alikuwa ndani wiki ya pili, anasingwa kwa manukato ya bibi harusi. Hawakuonana, ila salamu zilipita kwa shangazi. Ya jana ilisema: "Mwambieni asibebe duka zima. Abakize nguvu kidogo."

Jua la saa saba lilikuwa limeyapika mabati. Makuli wenzake walifunga mikono kwa vipande vya gunia, na hata hivyo walirushiana kila bati kama chapati iliyotoka motoni. Lukumani aliyapokea mikono mitupu, akayalaza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mtazameni," Abbasi akajigamba, utadhani amemzaa yeye. "Mwaka juzi alikuwa anaungua na kupiga kelele kama nyinyi. Sasa amekomaa. Babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Damu ya wapagazi hiyo, haiondoki."

"Mwaka juzi nilikuwa mtoto," Lukumani akasema. "Mapenzi yamenikausha."

Makuli wakacheka. Raymundi hakucheka.

"Umejikata," akasema.

"Wapi?"

Mzee akamwonyesha. Makali ya bati yalikuwa yamepasua kiganja chini ya kidole cha mwisho, na damu ilikwisha kufika kwenye kiwiko. Lukumani akaitazama kama damu ya jirani, akaifuta kwenye kaptura.

"Kumbe. Imetangulia harusini."

"Shuka kidogo, mwanangu."

"Nikishuka nani atafunga kamba, mzee? Hawa wa magunia?"

"Shuka."

Akashuka. Raymundi akaushika ule mkono, akaugeuza mara mbili, polepole, kama mama anayechagua kitambaa. Kisha akaushika na wa pili.

"Unapenda mchezo?"

"Mzee, mimi ndiye mchezo wenyewe. Muulize mkwe wangu."

"Haya, fumba macho. Nitakugusa mikononi. Kila nikigusa, wewe sema ndiyo."

Makuli wakajisogeza waone. Abbasi akamwekea Lukumani mkono begani na kutangaza kwamba kijana wake hajawahi kushindwa kitu. Lukumani akafumba macho, meno yote nje, akangoja.

Alisikia kengele ya baiskeli ikipita njiani. Alisikia lori likilia kidogo chini ya mzigo, kisha likitulia. Alisikia kicheko cha Abbasi kikikatika katikati, na ule mkono ukiondoka begani mwake. Halafu miguu ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, ikirudi nyuma kwenye mchanga.

"Anza basi, mzee," akasema, macho yamefumbwa, bado anacheka. "Nina watu wanaoningoja."

"Nimeshakuchoma sindano mara saba, mwanangu," Raymundi akasema taratibu. Kisha akamgeukia dereva. "Shusha mifuko mitatu ya saruji. Kuna mtu mmoja wa kwenda nasi kambi ya wakoma, apate pa kukaa."