Dakika Nne za Kukata

"Hapo. Kata," alisema mwalimu.

Fundi wa video alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe. Bibi akamshika mkono, taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse sufuria ya moto.

"Ngoja kwanza, baba."

Fundi akangoja. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye kompyuta mbili, feni inayolia, na rafu zilizojaa kanda za watu: harusi, mahafali, watoto wakipiga hatua ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuyahamishia yote hayo kwenye flashi kabla kanda hazijaoza. Iliyokuwa inazunguka sasa ilikuwa ya Bibi, filamu ya zamani ya watoto. Familia ya Wazungu, mbwa mmoja, mashua iliyotoboka, kisiwa. Nyimbo tamu, na mbwa mwenye vituko. Halafu, katikati, wanatokea wala watu: weusi kama thelathini, wamevalishwa sketi za nyasi, nyuso zimepakwa chokaa, wanaruka kuzunguka chungu, na Wazungu wamefungwa kwenye mti.

"Mama, nakuheshimu," mwalimu alimwambia mama mkwe wake. "Filamu ibaki yote, hizi dakika nne tu ziondoke. Likizo iliyopita huyu aliniuliza, 'Mama, sisi ndio hawa?' Nikakosa la kumjibu. Mimi, ninayelipwa kujibu maswali!"

Huyu alikuwa binti yake wa miaka minane, amekaa kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia.

"Na Bibi alikuwa anacheka," mtoto akasema. "Kila wakifika hapa anacheka mpaka anafuta machozi."

Fundi akajifanya anakagua waya.

Hilo ndilo lililomuuma mwalimu kuliko filamu yenyewe. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Yeye ndiye anayemvuta mjukuu pindo la sketi likipanda juu ya goti. Sasa iweje mwanamke kama huyo awacheke watu wake mwenyewe, wamevishwa nyasi, na mtoto yuko pembeni anaangalia?

"Mke mwenzangu, unanichongea?" Bibi akamuuliza mjukuu.

"Si ni kweli!"

"Ni kweli." Akamgeukia mwalimu. "Picha ni ya kijinga, mwanangu, sibishi. Walioitengeneza walituona hivyo. Lakini huyu ameshaona. Kanda utaikata hapa kwa fundi, kichwa chake utakikata wapi?"

"Basi nimwambie nini?"

Bibi akamwinamia fundi. "Hizo ngoma unaweza kuzipunguza, watu wasikike?"

"Nijaribu, Bibi. Kanda yenyewe imechoka."

Akahangaika na kompyuta yake. Ngoma zikazama, sauti za watu zikapanda, zina mikwaruzo kama redio ya zamani.

Mwanamume mrefu mwenye mfupa puani akaruka mbele, akamwelekezea mkuki mwanamke aliyekuwa akikoroga chungu, akafoka maneno marefu. Chini ya picha yakatokea maandishi: TUMLE MNENE KWANZA!

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika.

"Si mnaona?" mtoto akasema.

"Mama, jamani!"

"Nisamehe, mwanangu. Hasemi hivyo."

"Nani?"

"Huyo wa mfupa. Anaongea kikwetu. Wenye picha hawakukijua. Waliwaambia watu, pigeni kelele, semeni lolote, chini tutaandika sisi."

Mwalimu na mtoto wake walizaliwa mjini. Lugha ya Bibi waliijua salamu tu, na hizo za kubabaisha.

"Rudisha nyuma, baba," Bibi akasema. Mkuki ukanyooshwa tena. "Sikiliza. 'Wewe unayekoroga, acha kujifanya hunioni. Nimekuja kwenu mara tatu kuazima nyundo.'"

"Nyundo?" fundi akashangaa.

"'Nyundo ninayo! Lakini baba yako anajaa mlangoni, hata salamu sipati. Leo hanifukuzi, nimelipwa nikufokee.'"

Mwalimu akaziba mdomo kwa mkono. Kwenye kioo, watu wote thelathini wakapiga mayowe na kuinua mikuki. MIUNGU INA NJAA!

"Na hao wanasemaje?" Fundi alikuwa ameshasahau kazi.

"Wanamwambia, 'Maliza basi, chakula cha mchana kinapoa!'"

Fundi akapiga meza kwa kicheko. Mtoto akashuka kwenye kiti, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Yule wa mfupa akautikisa mkuki juu ya kichwa cha mwanamke. KESHO HATABAKI HATA MMOJA!

"'Wazee wangu niwatume lini?'" Bibi akatafsiri, sauti imeshuka kidogo.

"Anaposa!" mwalimu akapiga kelele. "Mungu wangu, mtu anaposa hapo, Wazungu wanadhani wanapikwa!"

Alicheka mpaka akaegemea rafu, kanda mbili zikaanguka. Alipopata pumzi aliusukuma mkono wa fundi mbali na kitufe. "Usikate. Usiguse kabisa. Hii nitamweleza mtoto mwanzo mpaka mwisho, ujinga wao na ujanja wetu."

Mwanamke wa chungu akainua mwiko, akajibu kwa ukali, meno nje, chokaa inamdondoka mashavuni. Wazungu kwenye mti wakafumba macho kwa hofu.

"Bibi," mjukuu akauliza, "huyu mama kamjibu nini?"

Bibi akavuta mtandio mpaka mdomoni.

"Nilimwambia babu yako awatume Jumapili, baba akishashiba."