Utepe wa Mgeni Rasmi

Maboya sita mapya yalining'inia ukingoni mwa bwawa, yamefungwa pamoja kwa utepe mwekundu, yakimsubiri mgeni rasmi aje kuyazindua. Mwaka mzima Sikuzani alikuwa amekaanga vitumbua pale Mtendeni, wenzake wakiuza asali ya Sikonge, mpaka klabu yao ya kuogelea ikayapata.

Mgeni alitarajiwa saa tatu. Ilipofika saa saba, kaka yake Sikuzani alichoka kuungua na jua, akajitosa majini. Sasa msuli ulikuwa umemkaza katikati ya bwawa, na kilichoonekana ni mkono wake mmoja tu.

Sikuzani aliyakimbilia maboya. Katibu wa klabu akamzuia.

"Ndugu, vuta subira kidogo. Vumbi la Landrova lile pale."

"Kaka yangu anazama."

"Wenzake wanaogelea kumfuata. Utepe ukikatwa sasa, mgeni akija atazindua nini?"

Sikuzani alimsukuma, akalishika fundo. Lilikuwa limekazwa likakazika. Akaliuma. Utepe ulimkata ufizi, akauma tena, damu na rangi nyekundu vikichanganyika mdomoni, mpaka ukaachia.

Kule mbali, chini ya turubai, kwaya ilikuwa imeagizwa ianze mara utepe utakapoanguka. Ikaanza. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Mgeni njoo, wenyeji tupone," waliimba, wakipiga makofi.

Sikuzani alisimama na boya mikononi, akiutafuta ule mkono.