Mlango wa Tatu

Kwa miezi minne Rania na dada yake walifumbua mafumbo ya ile nyumba ya kwenye gemu, wakipokezana padi ya kuchezea sebuleni kwao Kariakoo. Miisho miwili walishaiona, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Wa tatu waliahidiana kuuona pamoja leo, kabla dada hajapelekwa kwa mumewe Tanga.

"Ole wako ufungue mlango wa tatu bila mimi!" dada aliita kutoka chumbani. "Hina haijakauka."

Rania alikuwa ameshafungua. Alitaka kuchungulia tu. Maandishi ya mwisho wa gemu yalikuwa yanapanda kwenye kioo cha televisheni.

Dada akatokea, mikono kaiinua, hina mbichi iking'aa mpaka viwikoni.

"Nishikie padi, mdogo wangu. Nitabonyeza kwa kidole kimoja."

Rania akazima televisheni.

"Umeme umekatika," alisema, na feni inazunguka juu ya vichwa vyao.