Vidole vya Zambarau

Nyumba zetu hupata hewa kutoka kwenye tangi la mimea na samaki, kwa hiyo mmea mpya, usije ukaingiza ugonjwa humo, hutengwa siku kumi na nne kwenye ndoo ya dawa ya zambarau. Anayeugusa kabla ya siku hizo kuisha hupelekwa karantini peke yake mwezi mzima; jamaa zake hubaki nyumbani.

Siku ya kumi na tatu binti yangu Tunu, wa miaka miwili, alinijia na jani mkononi.

"Mama, nampa samaki."

Vidole vyake vilikuwa vya zambarau. Nikavisugua kwa kanga, rangi ikakataa kutoka.

"Hodi, Mama Tunu," mkaguzi akaita mlangoni. "Nimekuja kuiona ile ndoo."

"Subiri kidogo, baba, nakuja."

Nikazamisha mkono wangu ndooni hadi kiwikoni, nikambeba Tunu, nikafungua mlango.

"Tuko wawili," nikamwambia.