Mzazi Mmoja Bado Anaandika

Thelathini na tisa ikageuka arobaini, na karani wa shule akapiga meza kwa kiganja.

"Bado anaandika!" alifoka kwenye simu.

Upande wa pili, fundi wa kompyuta alikuwa akitafuna kitu. "Tulia, dada. Nani bado anaandika?"

"Mzazi. Yuleyule."

Karani akairudisha thelathini na tisa mahali pake. Hakuirudisha upesi.

Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na hifadhidata ya kwanza maishani mwake. Mwalimu mkuu, aliyechoshwa na madaftari ya alama, alimtupia kazi hiyo kana kwamba kompyuta ni ufagio, kila mtu anajua kuushika. Masharti yalikuwa mawili: walimu waandike alama, wazazi wasome tu. Saa sita mchana matokeo yangefungwa, na mwanafunzi asiyefikisha arobaini katika hesabu angerudia darasa.

Kuiunda kulimtoa jasho. Kugawa ruhusa nusura kumtoe machozi. Alisahau nukta moja, mashine ikagoma. Akaiweka, ikagoma kwa sababu nyingine, na haikuona haya kumwambia kwamba kosa ni lake. Mwishowe wazazi wote mia mbili na kumi wakabaki na ruhusa ya kusoma tu, isipokuwa mmoja. Na sasa ilikuwa saa tano na nusu.

"Umemwondolea ruhusa ya kuandika?" fundi aliuliza.

"Mara nne! Inaniambia sawa, sawa, halafu nikiingia kwa jina lake nakuta mlango wazi. Inanichezea shere hii."

"Kwani huyo mzazi anataka nini?"

"Alama moja tu. Binti yake kapata thelathini na tisa."

"Anakusumbua?"

"Tangu jana sijapata usingizi kwa ajili yake. Na leo yuko humu ofisini tangu saa moja na nusu."

Fundi alicheka. "Si umfukuze!"

"Nimfukuzeje? Si mtu mbaya. Ana mtoto, basi."

Karani alivuta karatasi ya maelekezo iliyojaa alama za kalamu. Akausoma mstari wa chini kabisa, ambao asubuhi aliuruka kwa haraka zake. Mmiliki wa hifadhidata hanyimwi ruhusa yoyote. Akausoma tena.

"Fundi, nikitaka mwalimu mkuu awe mmiliki wa hifadhidata, naandikaje?"

"Hilo na mzazi wako vinahusiana nini?"

"Wewe nitajie tu."

Fundi alitaja, karani akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku akinung'unika. Alipofika mwisho alikaa akiitazama amri yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nane. Akabonyeza.

Kisha akaingia tena kwa jina la yule mzazi, akatafuta thelathini na tisa, akaandika arobaini.

*Huna ruhusa ya kubadilisha.*

"Vipi, amekwama?" fundi aliuliza.

"Amekwama."

"Hongera, dada! Sasa umekuwa mtaalamu."

Karani alikata simu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi ingawa haikuwa chafu. Alihisi uchungu na aibu kwa pamoja. Halafu akapiga simu nyumbani, na sauti ya msichana ikaitika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Jiandae kurudia darasa, mwanangu," alisema. "Mama hawezi tena kukusaidia."