Ghala Lililokuwa Kubwa Mno

Kompyuta iliandika tena: hakuna nafasi. Bi Tunu, mtunza ramani wa mji, alisonya. Nafasi ipi tena? Ghala jipya la mafaili ya kompyuta, lililounganishwa na ofisi zote, lilikuwa tupu karibu lote. Na ng'ambo ya barabara tingatinga lilikuwa limeshaingia uwanja wa shule, mwenye kulileta akiapa kwamba uwanja ni wake. Ramani ya kumuumbua ilikuwa humo ghalani, haifunguki.

"Programu yenu ya kusomea ramani imezeeka, Bi Tunu," alisema fundi Kaluta, akikunja nyaya zake. "Itupeni."

"Tukiitupa, ramani atazisoma nani?"

Fundi akaziweka nyaya chini.

Bi Tunu aliijua programu ile tangu enzi za maghala madogo. Hesabu zake zilikuwa na kikomo; ukiipa namba kubwa kupita hapo, inachanganyikiwa na kuona nafasi ni sifuri, na bila nafasi haifungui ramani yoyote.

"Ukubwa wa ghala ndio unaoitia hofu," alisema. "Itengee kisehemu kidogo cha ghala, uiambie ghala lote ndilo hilo."

"Niidanganye?"

"Idanganye, mwanangu!"

Kaluta akaiwekea kikomo cha nafasi. Bi Tunu akabofya, na ramani ikajichora mstari kwa mstari: barabara, kisima, kisha uwanja, na jina la shule katikati yake.

Karatasi ilitoka kwenye printa ingali moto. Bi Tunu akavuka nayo barabara, akaiinua juu kwa mikono miwili, akaenda kusimama mbele ya tingatinga linalonguruma. Dereva aliinama kusoma. Kisha mkono wake ukaanza kuutafuta ufunguo wa kuzimia injini.